Kiganja Puani mwa Kifaru

Kwa Wanjiru wangu,

Hapa Lanet sote tuko salama. Shosho, nyanya yako, analalamikia goti, lakini bado anafukuza kuku wa jirani kwenye sukuma wiki. Umeniuliza ufanye nini wagonjwa wako huko ng'ambo wakikukodolea macho na huna jambo zuri la kuwaambia.

Nilipokuwa askari wa wanyama hapa Nakuru, kifaru akiumia tulimdunga dawa ya usingizi ili atibiwe. Dawa hiyo humlaza, lakini pia hukaba pumzi. Kwa hiyo mmoja wetu aliweka kiganja puani mwake na kusema "pumzi" kila alipoihisi. Wengine wote walinyamaza.

Siku moja kiganja kilikuwa changu. Nikasema "pumzi," nikasema tena, kisha sikuhisi kitu. Daktari akaacha kushona kidonda, akanitazama. Wote wakanitazama. Wanjiru, ulimi uliniwasha! Nilitamani kulisema hilo neno, angalau watulie.

Nikanyamaza.

"Mgeuzeni!" daktari akapaza sauti. Tukamsukuma kifaru akalala ubavu, mpira wa oksijeni ukaingizwa puani, naye daktari akamdunga sikioni dawa kidogo ya kupunguza usingizi. Ingezidi, angesimama katikati yetu. Hakuna aliyesogea.

Kisha kiganja changu kikapata joto, kikaloa.

"Pumzi," nikasema.

Sijui kama nimekujibu. Lakini niliposema neno hilo, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina hakika.

Ni mimi babu yako, Guka