Jibu Nililompa Daktari wa Mwanaidi

Jumanne, baada ya isha

Masikio bado yananiwaka. Nimeacha biashara yangu kumpeleka mdogo wangu Mwanaidi kliniki ya saratani, kama kawaida mzigo ni wangu, halafu aibu nayo nimeipata mimi.

Daktari, binti mpole tu, aliuliza kama kuna mwanamke mwingine wa ukoo wetu aliyewahi kuugua saratani ya titi. Nikawahi kujibu, "Hakuna." Ulimi umeshazoea. Watu wa Mabawa wanamposa binti yangu Saumu, na wiki nzima wanapita hapa Nguvumali wakiulizia tuna magonjwa gani. Kila mtu namjibu hivyo hivyo.

Mwanaidi akanigeukia. "Dada, huyu hajaja kuposa."

Akawataja mwenyewe: mama yetu, kisha mama mdogo. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mimi nimeshapimwa, na kama nina mtoto wa kike.

Mimi ninayeijua faida ya lori la machungwa kabla halijatoka Muheza, hesabu hii sikuwahi kuipiga. Mama, mama mdogo, sasa Mwanaidi. Nilikuwa nalinda posa ya Saumu, siyo Saumu.

Jioni nikamfuata jikoni, nikamwambia yote. Nilidhani atalia kwa ajili ya uchumba. Akazima jiko kwanza.

"Tutakwenda kupimwa sote wawili, mama. Na wewe ndiye utakayeanza."

Kwa watu wa Mabawa atakwenda kusema mwenyewe. Mimi, anasema, nisitie neno.