Taa ya Tangi la Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya pili kwenye banda la samaki la Mjomba. Bado sijazoea. Chumba changu ni stoo ya chakula cha samaki — kitanda, magunia, taa moja ya mezani. Mrefu, anayevua kwa wavu, ameniita Bubu tena. Eti hata samaki wanapiga domo kunishinda. Jibu zuri lilinijia baadaye, nikiosha ndoo!

Mjomba anasema samaki wa tangi la tatu hawatagi. Ijumaa ya tarehe 21 wanavuliwa wote, wauzwe. Hawezi kulisha wageni, amesema. Nimejiuliza kama na mimi nimo.

Jumatano, 5 Juni

Nimeona kitu. Tangi la kwanza na la pili yako dirishani, na yanataga. La tatu liko kona, na dirisha lake lilizibwa kwa bati kioo kilipovunjika. Huko saa tisa mchana ni jioni tayari! Labda wanaona siku ni fupi mno kuanza familia. Sikumwambia mtu. Nimewapelekea taa yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa! Niliiwasha gizani, ghafla — wakaruka kama mafuta ya moto. Mmoja alianguka sakafuni. Nilimrudisha kwa mikono miwili. Kuanzia leo nitawasha kabla giza halijaingia. Kuzima: kwanza nafunika shuka, polepole, kama usiku wenyewe.

Mimi nalala gizani. Kwenye kundi letu la simu, wenzangu niliosoma nao wametuma picha za chuo. Niliweka kopa, alama ya moyo. Hakuna aliyeuliza niko wapi.

Jumatano, 19 Juni

Jike mkubwa wa tangi la tatu hali chakula. Koo limevimba. Nilidhani nimemuua. Mrefu akachungulia, akasema huyo amefunga. Nikamwuliza — nilimwuliza mimi! — kwani huu ni mwezi wa kufunga? Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe amefunga mdomo: mayai yamo ndani! Hali, wala hatemi, mpaka yaanguliwe. Ila ukimkimbiza na wavu, anayatema yote.

Mrefu anaondoka leo, kuna msiba kwao. Akaniambia, haya Bubu, mwambie mjomba wako.

Jioni nilisimama mlangoni kwa Mjomba. Akauliza, vipi, mama? Nikasema, shikamoo. Nikaondoka.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika juu ya gunia, kando ya tangi. Gari la mnunuzi linanguruma nje. Mjomba ameegemeza wavu ukutani, anavaa buti, anapiga mluzi. Amesema nisogee, mama, nisije nikalowa.

Sijasogea.

Taa inawaka. Jike yuko pale pale chini yake, amebana midomo. Wewe usifungue mdomo, tafadhali.

Buti la pili limeingia. Anaunyanyua wavu.

Wangu naufungua sasa —