Kadi Niliyomchagulia Kaka

Mwenzangu wa maombi, uko? Kaka ametapika. Dakika tatu tu, miwani ikiwa bado usoni!

Unajua nilivyoiombea siku hii. Mtu ameendesha lori miaka ishirini, sasa miguu imekufa. Nikasema nimvalishe ile miwani ya michezo ya kompyuta, inayofunika macho na kukuonyesha barabara pande zote, ashike usukani tena japo kwa kuigiza.

Alianza vizuri. Akaniambia, "Dada, funga mkanda." Akacheka. Mwenzangu, alicheka!

Halafu akageuza kichwa atazame kioo cha pembeni, picha ikachelewa kumfuata. Akageuza tena, ikachelewa tena. Jasho likamtoka, kisha ndiyo hayo matapishi.

Nimempigia mwalimu wetu wa darasa la kompyuta la jioni. Akauliza nilichaguaje kadi ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha. Nikamwambia nilichukua yenye memori kubwa kuliko zote dukani. Akasema, "Mama, memori ni ghala tu. Kadi hiyo ni ya zamani, haina mbio, na miwani inataka mbio."

Ghala! Na mimi nilisali pale pale dukani, nikaona nimejibiwa.

Nimerudi chumbani kwa kaka nikamwambia, "Kosa ni la kadi, na kadi nilichagua mimi. Si wewe."

Akageukia ukutani. "Usinibembeleze, dada. Hata kwenye mchezo siwezi tena kuendesha."

Nimepiga magoti mara mbili. Nikisema tu "Ee Mungu," sauti inakatika. Leo niombee wewe.