Foto ya bale bantu ku ukuta yetu

Mujukulu wangu Mireille, jambo. Shiye tuko bazima. Mama yako anakusalimia, na jirani ya hapa Makomeno anauliza habari yako. Nilimujibu: huyo anaandika tu wakati anataka kitu.

Na kweli! Unataka nitoshe ku ukuta foto ya bale bantu hatujue majina, niweke yako ya diplome. Sikia kwanza.

Mwaka ile bantu balianza kufukuza bale ya jimbo ingine, shiye na nkambo yako, bwana yangu, na batoto tulilala na kupika mu gari yetu ya kamionete, tukipiga bantu foto njiani. Ku gare ya Likasi, filime ilibakia na foto moja tu. Nikasema: hii ni ya batoto yetu. Nkambo yako akaona mama moja na baba yake muzee, banangoja treni ya bale balifukuzwa.

"Shiye tutarudia nyumbani," akasema. "Bale, hapana."

Nilimutukana sana. Kiisha nikabashikia kitenge nyuma, sababu ya upepo. Treni ikabapeleka kabla ya filime kusafishwa.

Angalia pembeni: bile bidole ni yangu. Shiye tulirudia bote, namushukuru Mungu. Siku moja bataiulizia foto yabo.

Yako, leta na musumari yake.

Nkambo yako