Rehema, Oregano Yako Imechanua

Rehema mwanangu,

Leo nimekata oregano yako, kile kiungo chako cha piza. Sikuwa nimeigusa tangu tulipokuzika.

Siku unaileta ulikuwa umetoka kazini Msasani, kule mgahawani ulikokuwa unaoka piza. Ulikuja na kijitawi kimefungwa kwenye karatasi iliyoloa maji. Nikakuuliza, "Hayo si majani ya mbuzi?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukakata dumu la mafuta ya kula, ukalitoboa matundu, ukachanganya mchanga na samadi, ukaliweka pembeni ya ukuta panapopiga jua kutwa. Mie kila nikipita na ndoo naimwagia.

"Mama, utaiozesha mizizi! Hii haitaki maji mengi."

Ilipokua ukanifundisha kuvuna. Asubuhi, umande ukishakauka, unakata juu kidogo ya pale yanapotokea majani mawili, ndipo ichipue matawi mapya. Uliyafunga vitita, ukavitundika jikoni kichwa chini, nyumba nzima ikanukia. Ulitaka kuacha kazi uoke piza zako mwenyewe hapa hapa Tegeta. Baba yako akaanza kukujengea tanuri la matofali. Limeishia nusu.

Ulizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Tulishazoea kukupeleka hospitali na kurudi nawe, kwa hiyo maumivu yalipokushika mara hii sikubeba hata nguo za kubadilisha. Kesho yake nikakuletea kitawi wodini. Ukakifikicha, ukakinusa, macho umefumba.

"Imeanza kutoa maua?"

"Naona vitumba vidogo vidogo."

"Kata kabla haijachanua, mama. Ikichanua ladha inapungua."

Sikuwahi. Alfajiri iliyofuata ulitutoka.

Turubai la msiba lilifungwa pale pale ukutani. Watu wamejaa mikekani, na oregano yako inachanua maua meupe mbele ya macho yangu. Jirani mmoja akasema, "Jamani, maua mazuri haya." Niliingia ndani nikalia upya.

Leo asubuhi baba yako ndiye aliyeniita. "Mama Rehema, itakufa na yenyewe. Twende." Akashika dumu, mie nikashika mkasi. Tukakata maua yote, na vijiti vikavu. Chini kabisa, karibu na udongo, tukakuta vijani vipya. Baba yako akavigusa kwa kidole, akageuza uso.

Mchana nikatia majani kidogo kwenye maharage. Nikaonja, nikageukia mlango kama kawaida yangu, nikaita kwa sauti:

"Rehema! Njoo uonje chumvi."

Baba yako alikuwa anakaa kula. Akaiweka sahani chini, akatoka nje. Maharage yakapoa, hakuna aliyekula.

Pumzika, mwanangu. Nikikuita tena usishangae. Mdomo wangu haujazoea bado.

Mimi mama yako