Gazeti Lililobanduliwa

Mikumi, 4 Februari 2007

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu Krismasi? Kifua kinaendeleaje? Dada Consolata bado anakusimamia unywe dawa, au bado unamdanganya kuwa umeshakunywa? Sisi huku hatujambo. Joto limezidi na umeme unakuja na kuondoka upendavyo, lakini tunamshukuru Mungu.

Nina kazi nakuletea. Kafe yangu ya intaneti sasa ina kompyuta nne. Wateja ni madereva wa malori wanaolala hapa, waongoza wageni wa hifadhini na wenye nyumba za wageni. Kila siku wananiuliza, "Dada Tumwa, ina maana kwenye hiyo intaneti hakuna chochote cha kwetu? Kila kitu Dar?" Nikaanza kutafuta. Nimepekua miezi mitatu na nimepata tovuti na blogu ishirini na sita za Morogoro mjini na wilaya zake, Kilosa ikiwemo. Nyingine hazijaguswa tangu zifunguliwe. Nimezichuja zikabaki kumi. Sasa nataka kuzipanga, ya kwanza hadi ya kumi, nibandike orodha ukutani na kuiweka kwenye blogu yangu.

Shida ni huko kuzipanga. Nikihesabu watembeleaji, inashinda ya picha za harusi. Nikimuuliza Bonifas mwenye nyumba ya wageni, inashinda ya kwake. Nahitaji mtu aliyesahihisha insha miaka thelathini na moja na asiyeogopa kununiwa. Nimeprinti kurasa za zote kumi kwa herufi kubwa. Lazaro, kondakta wa basi la Kilosa, atakufikishia.

Blogu, najua utauliza, ni ukurasa ambao mtu yeyote anaandika mambo yake bila kumwomba mhariri ruhusa, na wasomaji wanamjibu hapohapo chini.

Nakushukuru mapema, kama nilivyozoea kukushukuru. Kila sentensi ninayoandika, nasikia sauti yako: "Umeona mwenyewe, au umeambiwa?"

Mwanao,
Tumwagile


Kilosa, 15 Februari 2007

Mwanangu Tumwagile,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na bahasha imefika bila hata kukunjwa, mshukuru Lazaro. Hapa tunaendelea. Daktari anasema moyo umechoka, na kwa miaka sabini na minane sioni sababu ya kubishana naye. Dawa nakunywa, mara nyingi.

Nimezisoma zote kwa kioo cha kukuzia, siku nne. Consolata alinikuta nacheka peke yangu akadhani homa imepanda. Blogu si kitu kigeni kama nilivyohofia. Ni gazeti la ukutani, kama lile la shule yetu ya kambi ya reli kule upande wa Kidete, ila ukuta wake hauna mwisho na hakuna wa kubandua.

Namba kumi ni ya Bonifas. Simba wa kwenye picha yake amesimama kwenye mchanga mweupe. Mikumi mchanga mweupe uko wapi? Namba tisa ni yule wa habari za mjini, ambaye anayanakili magazeti ya Dar pamoja na makosa yao ya chapa. Za harusi nimeziweka ya sita, maana watu wale angalau walioana kweli. Ya kwako ni ya tatu. Usinune.

Namba moja ni yule binti wa wafugaji, Sipora, anayeandika habari za mnada wa ng'ombe. Ameandika kuwa dume jekundu lilikataa kupanda lori, mpaka baba yake akaliimbia, na kwamba mnunuzi aligeuka upande asionekane machozi. Huyu hakuambiwa. Alikuwepo.

Nashukuru kwa kazi hii kuliko unavyofikiri. Kwa siku nne nilikuwa mwalimu tena.

Baba yako na mwalimu wako,
Urbanus


Mikumi, 6 Machi 2007

Mwalimu,

Shikamoo. Unaendeleaje leo? Natumaini umepata nafuu, kwa sababu barua hii itakuchekesha na sitaki kukuumiza kifua.

Orodha niliibandika Jumatatu. Kufika saa nne Bonifas yuko mlangoni.

"Nani huyo mzee wa Kilosa asiyempenda simba wangu?"

"Ni mwalimu wangu."

"Mwambie simba hana cheti cha kuzaliwa!"

Madereva wakamcheka mpaka akatoka. Lakini Jumatano kaleta picha mpya niiweke: simba wa hapa hapa, kwenye majani makavu, amepigwa picha kutoka mbali anafanana na mbuzi. Nimempandisha hadi ya nane, utaniambia kama nimekosea. Sipora naye alikuja kwa lori la ng'ombe kuliona jina lake ukutani. Alilisoma, akaligusa kwa kidole, akaninunulia soda.

Wote wanauliza huyo jaji ni nani. Kwa hiyo wiki ya Pasaka nataka kuandika habari zako kwenye blogu yangu. Nimeshaanza hivi:

"Darasa la saba nilifeli. Baba yangu, kibarua wa reli, alisema basi, niolewe. Ndipo mwalimu wangu wa darasa alipokuja nyumbani na kamusi mkononi, akakaa na baba tangu mchana hadi jua linazama, akamwomba nipelekwe Morogoro kujifunza kupiga chapa. Kuna walimu wanaowapenda wanafunzi wanaofaulu. Wangu alimfuata aliyefeli."

Naomba ruhusa yako na picha moja, hata ya zamani.

Mwanao,
Tumwagile


Kilosa, 20 Machi 2007

Mpendwa Tumwagile,

Marahaba. Hali yangu si nzuri, na sitatumia karatasi kuisimulia.

Usiyachapishe uliyoandika. Hukufeli.

Mwezi wa saba mwaka 1979 ulibandika habari ya mistari kumi na miwili kwenye gazeti la ukutani. Ulisema kwamba saa za shamba la shule, darasa la saba lilikuwa likilima matuta ya vitunguu ya mwalimu mmoja kando ya Mto Mkondoa, na kwamba vitunguu viliuzwa stesheni na havikuingia jikoni mwa shule. Hukumtaja mwalimu. Haikuhitajika. Mwalimu mkuu aliisoma mimi nikiwa nimesimama pembeni yake, akasema, "Urbanus, mtoto amekuvua nguo." Nilicheka pamoja naye. Watoto walipokwenda makwao niliibandua.

Unakumbuka kuwa miaka ile hatukuchagua wa kwenda sekondari kwa mtihani peke yake. Fomu za maendeleo zilikwenda wilayani pia, na tabia ilihesabiwa. Fomu yako niliijaza mimi. Kwenye Tabia niliandika: "Mchochezi. Haaminiki." Baadaye karani mmoja, rafiki yangu, alinionyesha alama za mtihani. Ulikuwa wa kwanza katika shule yetu, na aliyekufuata alikuwa mbali nyuma. Jina lako lilikatwa kwa maneno yangu mawili. Aliyekwenda badala yako hakujua lolote, na mimi nilimpongeza.

Kamusi niliyokuletea haikuwa ukarimu. Nilimbembeleza baba yako hadi jua linazama nikiwa na sentensi moja mdomoni, na sikuitamka. Miaka ishirini na minane umekuwa ukinishukuru, na kila shukrani nimeipokea. Nimeungama kwa padre mara tatu. Amenisamehe mara tatu, lakini si yeye aliyekatwa jina.

Nilikusudia kufa nalo. Nilipokupa namba tatu na kukwambia usinune, nilijiona jinsi nilivyozoea kukupangia nafasi. Kisha ukaniletea habari ya mwalimu ambaye hakuwahi kuwepo.

Karatasi yako sikuichana. Sijui kwa nini. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ni mali yako, pamoja na matundu ya pini.

Nashukuru kwa barua zako zote. Hilo ni kweli, hata kama huna sababu tena ya kuniamini.

Urbanus


Kilosa, 2 Mei 2007

Tumwagile,

Natumaini u mzima, wewe na watoto. Lazaro ananiambia alikukabidhi bahasha mkononi na kwamba uliisomea palepale kituoni, umesimama. Sikudai jibu. Nilitaka tu kujua kama hujambo.

Urbanus


Mikumi, 9 Juni 2007

Mwalimu,

Shikamoo. Salamu hiyo nimeiandika mara nne, na mara tatu nimeichana. Kifua chako kikoje? Nauliza kweli.

Nilikukasirikia. Niliibandua orodha yako ukutani, na madereva walipouliza nikawaambia jaji amesafiri. Watoto walidhani nimefiwa. Nilihesabu miaka: shule ambayo sikwenda, kazi ambazo sikuomba kwa sababu nilijua mimi ni wa kufeli. Baba alikufa akiniombea kama mtu anayemwombea mwenye kilema. Hilo siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Hayupo nimuulize.

Lakini baada ya wiki ya sita niliitoa ile karatasi nikaisoma kama ya mtu mwingine. Mwalimu, yule mtoto alikuwa anaandika! Na nani alimfundisha? Nilitaka mtu mwingine awe amenifundisha. Nimemtafuta, hayupo.

Nikaichapa neno kwa neno, nikaweka tarehe ya 1979 juu yake, nikaibandika kwenye blogu. Jina lako sikulitaja, kama ambavyo sikulitaja wakati ule. Mpaka leo ina majibu arobaini na matatu. Haijawahi kutokea huku kwetu. Gabrieli wa darasa letu, sasa dereva wa lori la mbao, ameandika: "Matuta hayo nimeyalima mimi, mgongo unauma hadi leo." Hildegarda, yule aliyekaa dawati la mbele, ameandika kutoka Mwanza: "Kumbe gazeti lile lilipotea hivyo! Tulidhani limeliwa na mbuzi wa mwalimu mkuu." Wameanza kukumbushana majina ya darasa zima.

Sasa nusu ya mwaka imefika na orodha lazima ipangwe upya. Gazeti langu nimeliingiza. Sipora anasema yuko tayari kushuka, lakini mimi siwezi kujipangia. Wewe uliyelibandua, lipe namba.

Na nashukuru jambo moja. Umeniambia ungali hai. Ningelisikia msibani kwako, ningebaki na hasira bila mtu wa kumpelekea.

Usiniandikie tena jina tupu mwisho wa barua. Sijui nikuite nani.

Mwanao,
Tumwagile


Kilosa, 17 Juni 2007

Mwanangu,

Marahaba. Mkono unaandika mstari mmoja na kupumzika. Utauvumilia mwandiko.

Habari ya baba yako nimeielewa. Nitamweleza mwenyewe, safari yangu ya kumfikia si ndefu.

Gazeti nimelisahihisha kama la mtahiniwa yeyote. Lina kosa moja. Uliandika matuta matatu. Yalikuwa saba. Manne yalikuwa nyuma ya matete, mlikolima watu wa zamu nyingine, na wewe uliandika ulichokiona kwa macho yako. Kwa hiyo sikukati alama. Waambie wasomaji kuwa yalikuwa saba, na kwamba mwenye matuta ni Urbanus Mloka. Liandike jina lote.

Namba moja. Sipora ya pili, naye asinune.

Fomu niliyoijaza vibaya sinayo tena. Hii itatosha:

Jina: Tumwagile
Kusoma: Vizuri sana
Kuandika: Vizuri sana
Kazi: Vizuri sana, hata ile isiyokuwa yake
Tabia: Msema kweli. Anaaminika.

Mwalimu wako wa darasa,
Urbanus