Nguzo ya Kivukoni Haikugongwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mhandisi wa matengenezo ya gati, anayejulikana kazini kwa jina la Mama Zege
Umri: miaka 46
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana ya kivuko
Yameandikwa: kituo cha polisi, tarehe 15, asubuhi

Nahodha mliyemweka mahabusu tangu jana ni mume wa dada yangu, yaani shemeji yangu. Nalisema mapema asije mtu akalifukua baadaye kama siri. Sikuja kumlilia. Ni mbishi, na tukicheza karata huiba waziwazi. Lakini hakugonga nguzo, na wanaosema aliigonga wanajua hakuigonga.

Gati letu liko kwenye mlango wa mto, juu ya udongo wa mfinyanzi, laini. Mbele yake zipo nguzo mbili za chuma zilizopigwa ardhini kwa kina, na juu yake limelazwa daraja la kushukia abiria. Zamani kivuko kikifika kilifungwa kamba, injini ikazimwa, watu wakashuka. Meneja wa sasa, ambaye wafanyakazi tumempa jina la Chapchap, alikataza kamba. Alisema zinachelewesha. Tangu hapo manahodha wote wameamriwa kukiegemeza kivuko kwenye nguzo zile, injini ikiendelea kusukuma, mpaka abiria waishe. Wote, afande, si shemeji yangu peke yake.

Nguzo ikisukumwa kwa ubavu huinama kidogo, ikiachiwa hurudi. Hilo halina neno. Ubaya ni kusukumwa safari baada ya safari, mwaka mzima. Udongo unaoishika husogea kidogo kila mara, wala haurudi wote. Ukabaki uwazi kati ya chuma na udongo. Maji yakaingia humo, na kila kivuko kiliposukuma yalibanwa yakaruka nje yamebeba tope. Nguzo ikawa imeshikwa kwa chini tu. Bandu bandu huisha gogo.

Mwezi uliopita, maji yalipokupwa, nilimpeleka meneja chini ya gati nikamwonyesha uwazi huo. Nikamwomba turudishe kamba na tufunge gati mpaka nguzo zishikizwe upya. Akacheka.

"Mama Zege, si wewe mwenyewe uliyeipima hii nguzo? Tuliivuta kwa kreni, haikutikisika. Leo inaogopa kivuko?"

"Tuliivuta mara moja," nikamwambia. "Jino la mtoto linalegea kwa kutikiswa kila siku."

"Basi shimo lizibwe. Kokoto zipo nyuma ya ofisi."

Nilimkatalia. Kesho yake akawaagiza vibarua bila kuniambia. Sasa sikiliza walivyofanya, maana ndipo penye kesi yote. Walimwaga kokoto wakati kivuko kimeegemea, kwa sababu ndipo uwazi unapokuwa mpana. Nilitoka karakana mbio nikipiga kelele. Kibarua mmoja akanishangaa: "Mama, si ndiyo inakula kokoto vizuri sasa hivi?" Siwalaumu, waliambiwa wajaze na wakajaza. Kivuko kilipoondoka, nguzo haikuweza kurudi, kokoto zimekaa mahali pake. Safari zilizofuata zikaanza kuisukuma kutoka pale ilipobaki imeinama. Uwazi ukafunguka tena, wakaongeza kokoto tena. Yaani meneja aliyeajiriwa atunze gati alikuwa anailaza nguzo kwa mikono yake, kidogo kidogo.

Nilimfuata ofisini, mhasibu akiwepo. Nikamwambia nguzo sasa inaonekana kwa macho imepinda. Akanijibu, "Punguza presha, mama. Utazeeka kabla ya hilo gati."

Mnamo tarehe 14, majira ya saa tatu asubuhi, nilikuwa mlangoni mwa karakana. Kivuko kilikuja taratibu, taratibu kiasi kwamba mtu aliyekuwa akiosha pikipiki yake pale ukingoni hakuinua hata kichwa. Kikaegemea kama kawaida. Nguzo ya upande wa juu wa mto ikainama, ikaendelea kuinama, haikusimama. Hapakuwa na mshindo wowote. Daraja likachomoka, na fundi cherehani aliyekuwa wa kwanza kushuka akaanguka na mashine yake begani. Amevunjika nyonga. Nilimshika kichwa mpaka gari la wagonjwa likafika, naye anauliza tu, "Cherehani yangu iko wapi?" Nilimdanganya kwamba iko salama.

Kabla damu haijaoshwa, meneja alikuwa ameshawaambia nyinyi kwamba nahodha aliingia kwa kasi akagonga. Nimekasirika, na naomba iandikwe hivyo hivyo. Mtu ametii amri ya bosi mwaka mzima, leo amri imeua gati, aliyeitoa anakunywa chai ofisini na aliyeitii analala sakafuni.

Nguzo ya pili bado imesimama, nayo imejazwa kokoto zile zile. Nilipopita asubuhi hii nimekuta kreni imeletwa. Chapchap anasema inang'olewa kwa usalama wa abiria. Abiria gani, na kivuko kimesimamishwa? Ikishang'olewa, tope litajifunga, litabaki neno lake na neno langu mimi, shemeji wa mtuhumiwa. Maji yanaanza kujaa saa sita. Afande, weka kalamu chini twende.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona, wala sijaongeza chumvi. Sahihi sitaweka mpaka uione hiyo nguzo.

Maelezo ya ofisa aliyeandika:

Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali, ila amekataa kusaini kama alivyosema. Nimefuatana naye gatini. Mnyororo wa kreni ulikuwa umeshafungwa kwenye nguzo ya pili, nikaamuru ufunguliwe. Nimeingiza mkono mwenyewe kati ya chuma na udongo. Umezama hadi begani, na nimetoa kokoto. Meneja alisema nguzo zote huwa hivyo. Nimemchukua kituoni aandike hayo kwa maneno yake.

Shahidi amesaini juu ya boneti la gari, saa sita na dakika chache, maji yakiwa yameanza kuingia.

Mkuu wa kituo ameagiza nahodha aachiwe. Jina lake nimelifuta kwenye ubao wa mahabusu kwa mkono ule ule, ukiwa bado na tope.